Misheni ya Arabuni

Misheni ya Arabuni ilikuwa shirika la wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani lililofanya kazi miongoni mwa Waislamu wa Ghuba ya Uajemi na Omani. Ilianzishwa mwaka 1889 na kufungwa rasmi mwaka 1973. Vituo vyake vikuu vilikuwa Basra (Iraki), Bahareni, Maskati pamoja na mji jirani wa Matrah (Omani), na Kuwait. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuwaongoa Waarabu Waislamu wawe Wakristo. Lengo hilo lilifikiwa kwa watu wachache sana. Hata hivyo, hospitali na shule zake zilikuwa kati ya huduma za kwanza za kisasa katika eneo hilo, na baadhi yake zipo hadi leo.

Chanzo

Wazo la misheni hii lilizaliwa katika seminari ya New Brunswick, jimbo la New Jersey, ambako Profesa John G. Lansing alikuwa anafundisha lugha ya Kiarabu. Pamoja na wanafunzi wake James Cantine, Samuel Zwemer na Philip Phelps aliunda shirika dogo lenye kujitegemea. Walilazimika kujitegemea kwa sababu Kanisa lao la Kireformati, lenye asili ya Uholanzi, halikuwa na fedha za kuanzisha kazi mpya ng'ambo. Kanisa lilikubali kulisimamia shirika hilo mwaka 1894 tu.

Cantine alisafiri mwaka 1889 na Zwemer akamfuata mwaka 1890. Baada ya kujifunza Kiarabu na kutembelea pwani za Arabuni walifungua kituo cha Basra mwaka 1891, mji uliokuwa chini ya Milki ya Osmani. Kituo cha Bahareni kilifuata mwaka 1892, na cha Maskati mwaka 1893. Kituo cha Kuwait kilianza mwaka 1910 kwa ruhusa ya mtawala wake, Sheikh Mubarak.

Namna ya kazi

Mwanzoni wamisionari walitegemea uuzaji wa Biblia na vitabu vya dini. Walikodi duka dogo sokoni, wakaongea na wateja, na kuwatuma wachuuzi wa vitabu vijijini. Mara nyingi maofisa wa Osmani waliwazuia. Pia watu wengi hawakujua kusoma.

Kilichofungua milango ni tiba. Katika nchi ambazo hazikuwa na daktari wa kisasa, mgonjwa wa macho, wa malaria au mwenye jeraha la risasi alikwenda kwa yeyote aliyeweza kumtibu. Hospitali ya Mason ilifunguliwa Manama, Bahareni, mwaka 1903. Huko Matrah daktari Sharon Thoms alianza kazi mwaka 1909, akafa mwaka 1913 alipoanguka kutoka kwenye nguzo akifunga waya wa simu. Mwanawe, Wells Thoms, alirudi Omani kama daktari mwaka 1939 akahudumu huko hadi mwaka 1970.

Kwa kuwa wanawake wengi wasingekubali kutibiwa na mwanamume, madaktari wa kike walikuwa na umuhimu wa pekee. Eleanor Calverley alifika Kuwait mwaka 1912 na kuwa daktari wa kwanza mwanamke nchini humo. Baada ya mapigano ya Jahra mwaka 1920, hospitali ya misheni ndiyo iliyowatibu majeruhi wa Kuwait.

Wavulana wa Kiafrika huko Maskati

Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa walikabidhiwa kwa Peter Zwemer, mdogo wake Samuel, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha Maskati. Aliwafungulia shule nyumbani kwake wakajifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono.

Tukio hili linaunganisha misheni na historia ya Afrika ya Mashariki. Masultani wa Maskati na wa Unguja walikuwa wa ukoo mmoja wa Al Busaidi, na biashara ya watumwa ilipita kati ya pwani hizo mbili. Huko Mombasa pia wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameanzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, mwaka 1875. Katika sehemu zote mbili walioishi chini ya mafundisho ya misheni kila siku hawakuwa Waislamu wenyeji, bali watu waliotengwa na ndugu zao na ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Peter Zwemer aliugua na kufariki mwaka 1898.

Gharama

Joto, kuhara na homa viliua wamisionari wengi na watoto wao. Thomas Valpy French, aliyewahi kuwa askofu Mwanglikana wa Lahore, alifika Maskati mwaka 1891 kuhubiri peke yake akafa baada ya miezi michache. Mwaka 1904 Samuel Zwemer na mkewe Amy walizika mabinti wawili huko Bahareni katika muda wa siku chache.

Waongofu walilipa gharama ya namna nyingine. Kwa fiqhi ya kale, aliyeritadi angeweza kupoteza ndoa, urithi na hata uhai. Kamil Abdulmasih, kijana Msiria aliyebatizwa na kujiunga na misheni, alifariki ghafla Basra mwaka 1892. Wenzake walishuku kwamba alipewa sumu, lakini jambo hilo halikuthibitishwa. Wengine walifukuzwa na jamaa zao wakabaki wakitegemea ajira ya misheni, na hivyo watu walidai kwamba wamenunuliwa.

Uhakiki

Katika hospitali, usomaji wa Biblia na sala vilitangulia matibabu. Waislamu wengi waliona kwamba ugonjwa wao unatumiwa kama chambo. Wamisionari walijibu kwamba hakuna aliyenyimwa dawa kwa sababu ya dini yake. Maandishi ya Samuel Zwemer, aliyeanzisha jarida kuhusu ulimwengu wa Kiislamu mwaka 1911, yamelaumiwa kwa kuueleza Uislamu kama adui wa kushindwa. Daktari Paul Harrison, aliyeishi Arabuni kwa miongo kadhaa, aliandika juu ya Waarabu kwa heshima zaidi.

Mwisho na urithi

Mapato ya mafuta yaliziwezesha serikali kujenga hospitali na shule zao. Hospitali ya Kuwait ilifungwa mwaka 1967. Huko Omani, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, hospitali za misheni ziliingizwa katika huduma ya afya ya serikali.

Bahareni bado ina Hospitali ya Misheni ya Marekani na shule ya Al Raja. Makanisa yaliyotokana na misheni yapo Bahareni, Kuwait na Omani, lakini waumini wake ni hasa wafanyakazi wageni, wakiwemo Wahindi, Wafilipino na Waafrika. Jengo la hospitali ya zamani ya Kuwait linaitwa Amricani, na siku hizi ni kituo cha utamaduni cha taasisi inayohifadhi sanaa ya Kiislamu.