Waruinge Angemweza Wangila? Leo Tubishane na Hesabu

Jumamosi jioni kwa kinyozi wetu hapa Jericho, mabishano ya ndondi huwa hayaishi. Kuna msee hubeba Tyson, mwingine Ali, mwingine anaapa Usyk angewachapa wote wawili na kesho yake aende kazi. Wiki jana nikawachokoza: sawa, na tukirudi nyumbani je? Waruinge wa 1968 na Wangila wa 1988, nani angeshinda?

Kimya. Jamaa wa rika langu akauliza, "Waruinge ni nani?"

Mzee aliyekuwa ananyolewa, ambaye enzi zake alirusha ngumi pale Kaloleni Social Hall, akageuza kichwa mpaka kinyozi ikabidi aondoe mashine. "Nyinyi vijana mnajua ngumi za Las Vegas kuliko za kwenu."

Manze, hiyo ilinichoma, kwa sababu hata mimi nilikuwa najua nusu nusu. Basi nikaenda kusoma. Kuacha campo si kuacha kusoma (mathee, kama unaona hii, umeskia?).

Tuanze na Philip Waruinge, uzani wa feather, kilo 57. Olimpiki ya Mexico 1968, nusu fainali, alikutana na Antonio Roldán, kijana wa hapo hapo Mexico. Majaji wakagawanyika, 3 kwa 2, na ushindi ukaenda kwa mwenyeji. Roldán akatwaa dhahabu, na kwenye fainali mpinzani wake Mmarekani aliondolewa na refa. Waruinge akabaki na shaba. Lakini tuzo ya Val Barker, ile hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote kwa Olimpiki, ilienda kwa nani? Kwa huyo huyo wa shaba. Na hiyo ni Olimpiki ambayo George Foreman alishinda dhahabu ya uzani wa juu. Miaka minne baadaye, Munich 1972, Waruinge akarudi na fedha.

Robert Wangila sasa. Uzani wa welter, kilo 67. Seoul 1988, akiwa na miaka 21, aliingia fainali na Laurent Boudouani wa Ufaransa na kumlaza raundi ya 2. Usidhani Boudouani alikuwa mtu wa kubahatisha, baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA kwa ndondi za kulipwa. Na hiyo medali ya Wangila, mpaka leo, ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata nje ya riadha.

Sasa hesabu. Kati yao kuna kilo 10, na kilo 10 si mchezo. Uzani uliwekwa ndio watu wasiuane. Kwa hivyo lazima tuwasawazishe, tuseme kilo 60 kila mtu. Halafu, sheria za enzi gani? Waruinge alipigana kichwa wazi. Kofia za kukinga kichwa ziliingia Olimpiki 1984, kumaanisha Wangila alishinda yake akiwa amevaa. Hapo nampa Waruinge kofia, kwa sababu ngumi ya Wangila hutaki ikupate bila. Raundi hazina shida, enzi zote mbili zilikuwa 3 za dakika 3.

Nikarudi kwa kinyozi na hiyo karatasi yangu. Mzee akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Na Muchoki umemweka wapi?"

Steve Muchoki, kilo 48. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mabondia wa ridhaa, Havana 1974, alifika fainali akashindwa na Jorge Hernández wa Cuba. Belgrade 1978 akawa bingwa wa dunia. Katikati hapo kulikuwa na Olimpiki ya Montreal 1976, na Kenya haikuenda. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika zikasusia. Dhahabu ya kilo 48 ikachukuliwa na nani? Hernández.

Sisemi kususia kulikuwa makosa. Ubaguzi ule ulistahili kupigwa kila mahali. Nasema tu kuna mtu alilipa, na hakuwa waziri. Sisi tunapiganisha watu ambao hawangeweza kukutana hata kwa ndoto, na kumbe kuna pigano la ukweli, Muchoki na Hernández, Montreal, ambalo halikufanyika.

Hata la Wangila lina shimo. Baada ya Seoul aliingia ndondi za kulipwa Marekani. Julai 22, 1994, huko Las Vegas, alipigana na David Gonzales na refa akasimamisha raundi ya 9. Tarehe 24 Wangila akafariki. Alikuwa na miaka 26. Mimi nina 22, na kuna siku naongea kama mtu aliyechelewa maisha. Buda alikuwa na dhahabu akiwa na 21 na bado hakupewa muda wa kuonyesha mwisho wake ungekuwa upi.

Haya, mnataka jibu. Raundi ya kwanza Waruinge anamchezesha, jab na miguu. Ya pili Wangila anampata, Waruinge anahesabiwa, anasimama. Ya tatu anarudi kwa miguu yake na kumkwepa mpaka kengele. Majaji 3 kwa 2, Waruinge.

Ndiyo, najua nimependelea. Mexico walimpa 2, mimi nimemrudishia moja. Wewe wako ni nani?