Banerjee, Pradip Kumar (1936–2020)

Pradip Kumar Banerjee alikuwa winga wa kulia wa India, yaani mshambuliaji anayepita kandokando ya mstari wa pembeni na kumimina krosi langoni, ingawa yeye alipenda pia kuingia ndani na kufumua mashuti mwenyewe. Akiwa nahodha katika Olimpiki ya Roma ya 1960, alifunga bao la India katika sare ya 1-1 na Ufaransa, na mwaka 1962 mjini Jakarta akafungua mabao ya fainali ya Michezo ya Asia, ambapo Korea Kusini ilichapwa 2-1. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuchezea Mohun Bagan wala East Bengal, vigogo wa Kolkata. Alidumu Eastern Railway, timu ya wafanyakazi wa reli iliyotwaa ligi ya mji huo mwaka 1958, na vigogo hao alikuja kuwafundisha baada ya kutundika daluga.