Merikebu ya Hewani Iliyokuja Kwetu Isifike

Twajua chombo cha nchi kavu, cha baharini, na ndege yenye mabawa. Lakini kiko cha nne, nacho ni merikebu ya hewani. Na moja ya namna hiyo ilifunga safari kuja nchi yetu.

Ferdinand von Zeppelin wa Ujerumani aliirusha ya kwake ya kwanza mwaka 1900. Mifupa yake ni ya aluminiamu, imevikwa kitambaa, na ndani mna mifuko ya haidrojeni. Hewa hiyo ni nyepesi kuliko hii tuivutayo, nayo huiinua merikebu kama maji yainuavyo mtumbwi.

Mwaka 1917 askari wa Kijerumani walibanwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na njia ya bahari ilikuwa imefungwa. Basi tarehe 21 Novemba merikebu L 59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli katika Bulgaria. Ilichukua watu 22 na tani 15 za silaha, risasi na dawa. Haikukusudiwa kurudi, maana huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza tena. Hata kitambaa chake kilikuwa kitumike kwa hema.

Ikavuka bahari ya Mediteranea na jangwa la Misri. Ilipokuwa karibu na Khartoum ikapata amri kwa simu ya upepo: rudini, mahali pa kutua pametekwa. Ikarudi Jamboli baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700, bila kutua hata mara moja. Aprili 1918 iliungua, ikaanguka baharini karibu na Italia, wote waliokuwamo wakafa.

Katika vita hivyo wapagazi wa pande zote mbili walichukua mizigo kwa vichwa vyao, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Mbinguni chombo cha ajabu, chini mtu mwenye mzigo. Nacho hakikuja kwa ajili yake.

Mwaka 1937 merikebu Hindenburg iliungua huko Marekani, watu 36 wakafa, na safari za abiria zikakoma. Leo mafundi wanaijaribu tena kwa heliamu, hewa isiyowaka, ili ichukue mizigo mahali pasipo barabara wala bandari. Huenda siku moja ikafika kwetu. Ikifika, tusistaajabie ukubwa wake tu, bali tuulize kwanza: imechukua nini, na kwa ajili ya nani?