Hasira ya Konda na Hesabu ya Tajiri

Msikilizaji, wiki iliyopita nilipanda daladala pale Mwenge saa kumi na moja jioni, saa ambayo mtu hapandi bali anapandishwa. Nilipandishwa. Nikajikuta katikati ya gari, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umekwama kati ya mgongo wa kijana mmoja na ndoo ya mama mmoja. Konda akaziona mvi zangu, akamgeukia binti wa shule aliyekaa karibu: "Denti, inuka mzee akae." Binti akainuka bila neno. Na mimi, nasema kweli, nikakaa.

Tangu siku hiyo roho haijatulia. Maana katika miaka ya 1980 denti nilikuwa mimi, nimesimama Buguruni na kaptula ya shule, naona gari la tano linanipita.

Tukizungumza adha za mabasi ya Dar es Salaam, wengi wetu tuna jibu moja: ustaarabu umekufa. Zamani watu walikuwa na adabu, siku hizi ni vurugu. Ndugu zangu, hiyo zamani mimi nilikuwepo. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mwaka 1974 kampuni ya mabasi ya DMT iligawanywa. KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likabaki na jiji. Konda wa UDA alikuwa mwajiriwa. Alikata tiketi, alikabidhi fedha za shirika, alisubiri mshahara mwisho wa mwezi. Basi lijae wanafunzi au lijae wakurugenzi, mshahara wake ulikuwa ule ule. Alikuwa na ukali wake, kama karani yeyote nyuma ya dirisha la ofisi ya umma, lakini hakuwa na sababu ya kumchukia mtoto wa shule.

Shida ilikuwa moja tu. Basi halikuja.

Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, na fedha za kigeni za kununulia spea hazikuwepo. Nauli nayo ilishikiliwa chini kwa amri, kwa nia njema ya kumsaidia mnyonge. Mabasi yakafa moja moja. Kwa hiyo likitokea moja, hasa yale Ikarus marefu kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati kama kinanda cha mkono, adabu yote iliishia kituoni. Watu waliyaita kumbakumba, na jina lilisema yote. Kuingia dirishani hakukuletwa na daladala, msikilizaji. Nimeona kwa macho yangu bwana mzima, kavaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, anatanguliza mkoba dirishani kisha anafuata yeye, kichwa kwanza.

Ndipo mwaka 1983 serikali ikakubali jambo ambalo tayari lilikuwa likifanyika kwa kujificha: watu binafsi waruhusiwe kubeba abiria mjini, kwa kibali. Nauli ikawa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala, na makonda wakawa wanaita: dala, dala! Jina likaganda. Majirani zetu wa Nairobi walitutangulia, maana matatu nayo imepewa jina kutokana na nauli yake ya kwanza, senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Abiria wa miji yote miwili hawakulipa gari jina la kampuni wala la rangi yake. Waliliita kwa fedha. Naona walielewa mapema kuliko sisi wachambuzi.

Kwani daladala ilileta kitu ambacho UDA haikuwa nacho, nacho ni hesabu. Mwenye gari, ambaye makonda humwita tajiri hata kama gari lake ni hilo moja na lina mkopo, hutaja kiasi anachotaka mezani jioni. Dereva na konda hujaza mafuta, humlipa mpiga debe aliyepiga kelele tu, humalizana na mengine ya barabarani ambayo sitayataja hewani, hutimiza hesabu ya tajiri, na kinachobaki ndicho chao. Siku mbaya hakibaki kitu. Mkataba wa maandishi kwa wengi wao ulikuwa kitu cha kusikia, na kesho anaweza kukuta deiwaka ndiye kashika usukani.

Sasa mwingize mwanafunzi katika hesabu hiyo. Chukua nauli za mwaka 2013, njia fupi: mtu mzima shilingi 400, mwanafunzi 200. Gari likibeba wanafunzi kumi kwa safari moja, limepungukiwa shilingi 2,000. Safari nane kwa siku, ni 16,000. Nchi ilikuwa imeamua mtoto alipe nusu, na ni uamuzi mwema. Lakini ile nusu ya pili haikutolewa na nchi. Ilitoka mfukoni mwa konda, na konda naye akaitafuta kwa njia yake: kumsukuma denti kutoka mlangoni, kumwambia "wawili tu," kumsimamisha ili kiti apate mwenye nauli kamili. Nasi abiria tukasema vijana hawa hawakulelewa.

Simtetei. Matusi ni matusi, na mkono unaomvuta binti begi lake ili ashuke hauna udhuru. Ninachosema ni kwamba tumeyachanganya magonjwa mawili. Kusukumana mlangoni ni ugonjwa wa uchache wa mabasi, nao ulikuwepo tangu enzi za UDA. Kumnyanyasa mwanafunzi ni ugonjwa wa hesabu, nao ulikuja na gari lenye hesabu.

Ushahidi tumeuona wenyewe. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara kwenda Kivukoni. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 na ya mwanafunzi 200. Pengo likawa kubwa kuliko la daladala! Lakini tiketi inakatwa kituoni, na anayeendesha hagawani makusanyo ya siku na mtu. Hakuna wa kusimama mlangoni akahesabu madenti. Ule ugonjwa mmoja ukapoa. Wa pili je? Mabasi hayakutosha, na haikuchukua muda tukaona tena watu wazima wakipenya madirishani, safari hii kwenye basi lenye milango inayojifunga yenyewe. Suti ya Kaunda tu ndiyo iliyokosekana.

Na huo ustaarabu tunaosema umekufa, mimi nauona kila siku katika lile lile gari la vurugu. Aliyekaa humpakatia mizigo aliyesimama, asiyemjua, bila hata kumwuliza ndani mna nini. Mtoto hurushwa juu ya vichwa akaishia mapajani mwa mwanamke wa kiti cha nyuma, na mama yake, aliyebanwa mlangoni, hana wasiwasi. Noti ya abiria wa mwisho hupita mikono sita hadi kwa konda, na chenji hurudi kwa mikono ile ile, imetimia. Hata ile tabia ya konda kuwapa watu wawili noti moja, "wewe na huyu mtaelewana," imejengwa juu ya imani kwamba kweli wataelewana. Wengi huelewana. Wakishuka utawaona wanatafuta duka la kuvunja noti. Wapo pia wanaopanda Mnazi Mmoja kuelekea Posta wakati kwao ni Mbagala, ili wageuze na gari wakiwa wamekaa. Wanalipa mara mbili. Huo si ujanja, ni kodi ya kiti.

Haya yote abiria waliyatunga wenyewe, ndani ya chai maharage zenye mabenchi ya kutazamana goti kwa goti, na ndani ya Hiace ambazo aliyesimama alisimama kama mtu anayefagia. Hakuna waziri aliyetangaza.

Nirudi kwa binti wa Mwenge. Baada ya kusimama kidogo alinisalimia, "Shikamoo," kisha akasema, "Naomba unipakatie." Nikapokea begi lake. Lilikuwa zito la madaftari, likanilalia magotini njia nzima, huku mwenyewe akining'inia juu yangu kila dereva aliposhika breki. Mara mbili nilitaka kumwambia tubadilishane, na mara mbili nikaona konda ananitazama, nikanyamaza. Alishuka Sinza. Mlangoni hapakuwa na njia ya kumfikishia begi, basi nikampa kupitia dirishani.

"Asante, babu," akasema.