Kabla Chikanda Haijafuata Njia ya Mpumbu

Anayetaka kuokoa okidi za chikanda aanze na samaki wa ziwa Mweru. Mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alilisha vijiji vya Nchelenge na Kazembe vizazi kwa vizazi. Migodi ya Katanga na Copperbelt ilipojaa wafanyakazi, akawa bidhaa: nyavu zikamzuia njiani kabla hajataga, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mavuno yalikuwa yameporomoka. Mlo wenyewe haukumwangamiza. Aliangamizwa na soko la mbali lililomchukua kabla hajazaa. Chikanda inapita njia hiyo hiyo, na maabara ya kuotesha miche ya okidi itaisaidia endapo tu itabadilisha kile ambacho mchimbaji anapeleka sokoni.

Chikanda, chakula cha Wabemba wa Zambia, hutengenezwa kwa viazi vya okidi za Disa, Satyrium na Habenaria, vinavyotwangwa na kupikwa na karanga na pilipili hadi vigande na kukatwa vipande. Kila mwaka mmea hutoa kiazi kipya huku cha zamani kikisinyaa. Mchimbaji hutaka kile kipya, yaani mmea wa mwakani. Wabemba walipochimba kwa ajili ya vyungu vyao, mabonde yalistahimili. Lusaka na miji ya migodi ilipoitaka kila wiki, wachuuzi wakavuka mpaka wa Tunduma kuingia Tanzania, hadi Makete na Njombe. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilitoka Tanzania kila mwaka. Mwaka 2005 uwanda wa okidi wa Kitulo ukawa hifadhi ya taifa, hatua njema kabisa. Wapo wanaosema ulinzi wa namna hiyo unatosha. Sikubaliani nao: hifadhi hulinda eneo lake, nayo hamu ya mlaji huhamishia jembe kwenye bonde lisilo na mlinzi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuotesha okidi hizi maabara ni la kisayansi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Mwaka 1899 mtaalamu wa mimea Noël Bernard alibaini kwamba huota kwa msaada wa kuvu. Lewis Knudson akaonyesha mwaka 1922 kuwa sukari ndani ya chupa yaweza kushika nafasi ya kuvu hiyo, na hapo ndipo maabara ilipopata mlango. Lakini mche ukitoka chupani hudai udongo unaoufaa na muda mrefu kabla haujatoa kiazi cha kuuza, na mama mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kungoja. Ni kweli tupu. Ndiyo maana miche ya kwanza irudishwe katika mabonde yaliyochimbwa, ikitokana na mbegu za mimea mingi badala ya nakala za mmea mmoja, na wachimbaji wenyewe walipwe kuipanda na kuitunza hadi itoe mbegu zake.