Kitabu cha Equiano na Ushahidi Wenye Shaka

Mwaka 1789 kilipigwa chapa mjini London kitabu cha maisha ya Olaudah Equiano, mtu aliyekuwa mtumwa. Asimulia kwamba alizaliwa yapata mwaka 1745 katika nchi ya Waigbo, ambayo sasa ni sehemu ya Nigeria. Kwamba alitekwa nyara pamoja na dada yake angali mtoto, akauzwa huku na huku hata akafika pwani, akapakiwa katika merikebu ya watumwa. Habari za merikebu hiyo, uvundo wake, minyororo yake na vilio vyake, ziliwachoma mioyo wasomaji wengi wa Uingereza.

Miaka mia mbili baadaye mtaalamu Vincent Carretta alitangaza hati mbili. Daftari la ubatizo la kanisa moja la Westminster, la mwaka 1759, na orodha ya mabaharia wa merikebu Racehorse, ya mwaka 1773, zote zasema kuwa mtu huyo alizaliwa Carolina, ng'ambo ya bahari. Wataalamu wengine hawakukubali, na ubishi ungalipo.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hizi, mmoja alifunga kitabu akasema, "Mwalimu, mwongo wa moja ni mwongo wa yote." Je, alisema kweli?

Kwanza, hati nayo ni shahidi, na shahidi huulizwa. Mwaka 1759 mbatizwa alikuwa kijana mtumwa. Karani aliandika alichoambiwa. Lakini haki hutaka tuongeze kwamba mwaka 1773 Equiano alikuwa mtu mzima tena huru, na hapo utetezi huu hupungua nguvu.

Pili, kitabu hakina sura za utoto peke yake. Equiano alijinunulia uhuru wake mwaka 1766 kwa pauni 40. Mwaka 1783 alimpelekea Granville Sharp habari za merikebu Zong, ambayo mabaharia wake waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wangali hai. Na Sharp mwenyewe aliliandika jambo hilo katika kumbukumbu zake. Haya hayaanguki kwa sababu ya daftari la kanisa.

Tatu, mateso ya merikebu hayakusimuliwa na Equiano peke yake. Alexander Falconbridge, aliyekuwa tabibu katika merikebu za watumwa, aliyaandika aliyoyaona katika kitabu chake cha mwaka 1788. Ikiwa Equiano hakuvuka bahari ile, basi yamkini aliyakusanya maneno ya waliovuka. Hapo atakuwa msimulizi wa yaliyowapata wenzake, wala si shahidi wa macho. Tofauti hiyo si ndogo, na mwalimu aifichaye huwadhulumu wanafunzi wake.

Basi sikumwambia yule mwanafunzi akisadiki kitabu chote, wala sikumruhusu akitupe. Nilimwambia achore mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake. Upande mmoja aandike yale yanayothibitishwa na mashahidi wengine. Upande wa pili yale yanayosimama juu ya neno la Equiano pekee. Na katika insha yake asiandike, "Equiano aliona," bali, "Equiano asimulia."

Alifanya kazi hiyo muda wa juma zima. Alipoleta daftari, upande wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko alivyotazamia, na kitabu alikuwa amekisoma mara mbili.