Laini ya simu kwenye kipakatalishi: Namna ya kuzuia data kuyeyuka

MTU anayenunua data ya Sh100 ili asome habari na kujibu ujumbe kwa simu yake huenda akaitumia kwa siku kadhaa. Data hiyo hiyo ikielekezwa kwenye kipakatalishi, yaweza kuyeyuka kabla hajamaliza kujaza fomu moja.

Wengi hukimbilia kuilaumu kampuni ya simu. Hata hivyo, aghalabu mlaji ni kipakatalishi chenyewe, ambacho huichukulia intaneti ya laini ya simu kana kwamba ni ya waya, inayolipiwa kwa mwezi na isiyo na kikomo.

Hasara hii si ndogo. Mwanafunzi huomba nafasi ya chuo kikuu kupitia tovuti ya KUCCPS na mkopo kupitia HELB. Mlipa ushuru naye anatakiwa kuwasilisha taarifa za mapato yake kwa KRA kabla ya Juni 30 kila mwaka. Data ikikatika katikati ya shughuli kama hizo, huenda kazi yote ikaanza upya.

Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza ni kuigeuza simu kuwa kituo cha Wi-Fi. Ingia katika mipangilio ya simu, washa huduma ya kushiriki intaneti, weka nenosiri, kisha ulitafute jina la simu hiyo kwenye kipakatalishi. Ni njia rahisi, lakini humaliza betri upesi, na yeyote anayelijua nenosiri anaweza kuitumia data yako.

Ya pili ni kutumia waya wa USB. Unganisha simu na kipakatalishi, kisha uruhusu intaneti ipitie kwenye waya huo. Simu hupata moto wa betri papo hapo, na jirani hawezi kujiunga.

Ya tatu ni modemu, kifaa kidogo cha USB kinachotiwa laini ndani yake. Nunua data laini ikiwa ingali kwenye simu, kwa mfano kwa kubonyeza *544# ikiwa ni ya Safaricom, ndipo uihamishe. Kumbuka kwamba laini ikiwa ndani ya modemu, simu yako haitapokea wala kupiga kwa nambari hiyo, na ujumbe wa M-Pesa hautafika kwenye simu. Ni heri kuwa na laini ya pili kwa kazi hii, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe.

Modemu ikikataa kuunganika ilhali data ipo, kagua APN, yaani jina la lango ambalo laini hupitia kuingia kwenye intaneti. Kwa Safaricom jina hilo ni 'safaricom'. Kwa Airtel ni 'internet'.

Data inakokwenda

Mtu aweza kufungua ukurasa mmoja tu, lakini nyuma ya pazia programu nyingine zinafanya kazi. Mfumo wa Windows hupakua masasisho ambayo huweza kuzidi gigabaiti moja. Huduma za kuhifadhi faili mtandaoni hupakia picha na nyaraka bila kuuliza. Kivinjari nacho hucheza video ambazo hukuziitisha.

Video ndiyo mlafi mkuu. Kwa mujibu wa Netflix, filamu ya ubora wa kawaida hutumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi gigabaiti 3.

Kasi ya 4G au 5G haimwokoi mtumiaji. Kinyume chake, tovuti za video zikigundua kuwa mtandao ni wa kasi hupandisha ubora wa picha zenyewe, na data huisha mapema zaidi.

Jinsi ya kuziba mianya

Hatua iliyo muhimu kuliko zote ni kukijulisha kipakatalishi kwamba intaneti hii inapimwa. Katika Windows 10 na Windows 11, fungua mipangilio, uende sehemu ya mtandao, uchague jina la simu au modemu yako, kisha uwashe chaguo linalosema kuwa muunganisho huo una kipimo. Masasisho mengi yatasubiri hadi upate Wi-Fi isiyo na kikomo.

Usiyaahirishe masasisho hayo daima, kwani ndiyo huziba nyufa ambazo wahalifu wa mtandaoni huzipenya.

Pili, simamisha kwa muda huduma za kuhifadhi faili mtandaoni, na uzime uchezaji wa video unaojianzisha wenyewe.

Tatu, usiache fedha nyingi za muda wa maongezi kwenye laini ya data. Bando likiisha, intaneti yaweza kuendelea kwa kutafuna salio lako kwa bei iliyo ghali zaidi. Uliza kampuni yako jinsi ya kuzuia jambo hilo.

Nne, chagua bando kulingana na kazi. La siku moja hufaa anayetaka kumaliza shughuli na kuondoka. Asiyetumia kipakatalishi kila siku atafaidika na data isiyo na tarehe ya mwisho, aina ambayo Safaricom iliianzisha Oktoba 2019.

Tahadhari ya PIN

Linda laini ya modemu kwa PIN, maana modemu ni rahisi kupotea. Ukikosea PIN mara tatu, laini hujifunga na kudai nambari ya PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini hufa kabisa, nawe utalazimika kuomba nyingine.

Kabla ya kuanza fomu yoyote, angalia salio la data, na uandike maelezo marefu kwanza kwenye faili ya kawaida ukiwa nje ya mtandao. Kwa njia hiyo, hata bando likiisha ghafla, kazi yako itabaki salama.